Jani Halisubiri: Chai, Pareto na Miaka Tisini ya Kungoja Gusii

Jani la chai huanza kufa pale linapochumwa. Aliyekulia Kebirigo, Kiamokama au Nyansiongo hahitaji kufundishwa hilo. Likishindiliwa kwenye gunia hupata joto katikati, hugeuka jekundu, na likifika kituoni karani hulimwaga pembeni bila mjadala. Kiwanda kinalitaka siku hiyohiyo. Ua la pareto lina tabia nyingine: likianikwa vizuri juani mpaka likakauka, hukaa ghalani majuma na miezi bila neno. Buni ya kahawa iko katikati yao. Tunda bivu lazima likobolewe siku lilipochumwa, lakini likishakauka ndani ya ganda lake linaweza kusafiri bila pupa.

Tabia hizi tatu zimeelekeza historia ya biashara ya Kisii na Nyamira, yaani nchi ya Gusii magharibi mwa Kenya, kuliko ofisi yoyote ya Nairobi au London. Wataalamu wa usimamizi husema kampuni huchagua mnyororo wake wa ugavi kwa kupima gharama, kasi na hatari: imiliki kila hatua yenyewe au inunue kwa wengine, itegemee chimbuko moja au kadhaa, irundike akiba ghalani au iagize inapohitaji. Yote hayo ni kweli. Ila ukifuatilia mambo ya vilima vya Gusii tangu miaka ya 1930, utakuta swali lililoyatangulia hayo yote, na ambalo mara nyingi liliamua nani adumu na nani aanguke. Katika mnyororo huu, nani anangoja, na anangoja kwa gharama ya nani?

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 lakini haikupanda Gusii. Mahindi na wimbi wa nyanda hizi vilishuka hadi Kendu Bay, vikavushwa kwa meli mpaka Kisumu, ndipo vikapakiwa kwenye garimoshi. Wafanyabiashara Wahindi walikuwa wanunuzi na wenye ghala kwa wakati mmoja. Mkulima aliuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa kuwa kodi ya serikali haikumngoja yeye. Aliyekuwa na ghala na mtaji ndiye aliyeweza kukaa na gunia mpaka bei ipande.

Kahawa ilileta mpangilio wa kwanza uliokuwa tofauti. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewazuia Waafrika kupanda kahawa ya arabika, huku walowezi wakidai kwamba mashamba madogo yangeeneza magonjwa na kuficha kahawa iliyoibwa. Katikati ya miaka ya 1930 ruhusa ya majaribio ilitolewa Kisii, Embu na Meru, sehemu zilizokuwa mbali na mashamba ya wazungu. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa miongoni mwa waliopanda mapema na kuwahimiza wengine. Baadaye vikaja vyama vya ushirika, na kila chama kikajenga kiwanda chake cha kukobolea kando ya mto. Kazi ya haraka ilifanywa kijijini kwa mashine iliyokuwa mali ya wanachama. Kazi ya polepole, yaani kusaga, kupanga madaraja na kuuza, iliachiwa watu wa mbali. Tunda lilihudumiwa siku hiyohiyo. Malipo yalifuata baada ya kahawa kuuzwa, na wakulima wa kahawa wanajua safari hiyo inaweza kuchukua muda gani.

Chai ilikuwa jambo jingine kabisa. Kule Kericho, ng'ambo ya mpaka, Brooke Bond na James Finlay waliingia katikati ya miaka ya 1920 wakapanda mashamba makubwa. Kampuni moja ilimiliki shamba, kiwanda, barabara za ndani, nyumba za vibarua na zahanati, na ikaisafirisha chai yake mpaka sokoni Uingereza. Wanaume wengi wa Gusii waliijua chai kwanza kwa njia hiyo, wakiwa wachumaji wa mshahara. Katika fikra za wakubwa wa chai wa wakati huo, mfumo mwingine haukuwezekana. Jani linataka kiwanda kilicho karibu, kiwanda kinataka majani mengi ya kiwango kimoja kila siku, na mambo hayo mawili yanataka mwenye amri mmoja. Mkulima mwenye robo eka, anayechuma akipata nafasi kati ya mahindi na ng'ombe, angewezaje kukilisha kiwanda?

Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Wazungu walikuwa na sababu za kuitetea kwa maslahi yao, lakini ugumu wenyewe ulikuwa wa kweli, na aliyetaka wakulima wadogo wapande chai alilazimika kuujibu.

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango wa mazao ya biashara kwa Waafrika kwa upana. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilijengwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya kuendeleza mazao maalumu, na mwaka 1964, Kenya ikiwa na mwezi mmoja tu wa uhuru, ikageuzwa kuwa Mamlaka ya Kuendeleza Chai ya Kenya, KTDA. Waliokuwa wakiiunda walikuwa na njia tatu mbele yao. Wangeweza kuwaacha wakulima wawauzie wenye mashamba makubwa majani mabichi. Wangeweza kuiga kahawa, kila kata na ushirika wake. Au wangeunda chombo kimoja kinachoshika kila kitu kuanzia kitalu cha miche hadi chai iliyo tayari kwa mnada.

Walichagua ya tatu, na sababu zake hazikuwa za kilimo peke yake. Kiwanda cha chai ni ghali, na fedha zilitoka kwa wakopeshaji, wakiwemo Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola na baadaye Benki ya Dunia. Mkopeshaji hutaka kujua atalipwaje. Mamlaka moja inayonunua kila jani inaweza kukata deni kabla mkulima hajaona shilingi: deni la miche, deni la mbolea, deni la kiwanda. Ushirika mmojammoja usingeweza kutoa hakikisho hilo. Kwa maoni yangu hapa ndipo masimulizi ya kawaida kuhusu KTDA yanapokosa kitu. Tunasifu nidhamu ya kuchuma majani mawili na chipukizi tu, na inastahili sifa. Lakini jinsi mamlaka ilivyoundwa, kuanzia ununuzi wa lazima hadi makato na malipo ya awamu, ilifuata deni kwa kiasi kilekile ilivyofuata jani.

Hata hivyo njia ya kwanza haikutupwa. Mahali ambapo majani yalikuwa bado machache, yaliuzwa kwa viwanda vya mashamba makubwa mpaka yafike kiasi cha kulipia kiwanda kipya. Na viwanda vipya vilipojengwa, mamlaka haikuvisimamia yenyewe mara moja. Kampuni zilezile za kigeni zilizokuwa na ujuzi zilipewa mikataba ya kuviendesha, huku Wakenya wakifundishwa kazi. Leo tungesema shughuli ya kiwanda ilikodishwa kwa mtaalamu wa nje, huku usambazaji wa malighafi ukibaki mkononi mwa mwenye nyumba. Ulikuwa uamuzi wa busara, na nadhani haujapewa heshima yake. Waliutambua udhaifu wao, wakaununulia dawa, kisha wakaacha kuinunua walipoweza kuitengeneza wenyewe.

Huku Gusii, kuenea kwa chai kulikwenda sambamba na mabadiliko ya ardhi. Katika miaka ya 1960 familia nyingi zilihamia Borabu, kwenye mashamba yaliyokuwa ya walowezi na kugawanywa kuwa makazi mapya. Miche ya vipandikizi, iliyokatwa kutoka mama mmoja mwenye mazao mazuri, ilirahisisha kupanda kwa wingi. Nyankoba, Sanganyi, Kebirigo, Nyansiongo, Tombe na Gianchore upande wa Nyamira, na Kiamokama, Nyamache, Ogembo na Eberege upande wa Kisii, leo ni majina ya viwanda ambavyo mtu huvitaja kama anavyotaja shule au kanisa lake. Kila kiwanda kilizungukwa na vituo vya kununulia majani. Mchumaji alibeba kapu lake hadi kituoni, akayamwaga majani juu ya meza, akayachambua, karani akapima na kuandika, na lori likaja. Barabara za chai zilichongwa kwa ajili ya lori hilo. Wakati wa mvua za Gusii, ambazo hunyesha karibu mwaka mzima, barabara ikikatika majani hulala, na majani yakilala hakuna mashine ya kuyafufua.

Kiwandani jani hunyaushwa kwa saa nyingi, hukatwakatwa na kusokotwa, huachwa ligeuke rangi, kisha hukaushwa. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai. Kuanzia dakika hiyo haraka imekwisha. Chai kavu inaweza kungoja, na hapo ndipo hadithi inapogeuka. Lakini kabla ya kufika huko ni lazima turudi kwenye ua jeupe la pareto, maana ndilo lililoonyesha mapema zaidi kinachotokea pale kungoja kunapowekwa pabaya.

Pareto ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo Japani ndiyo iliyotawala soko la dunia, ikiwa imeipokonya Dalmatia ya Ulaya nafasi hiyo. Vita Vikuu vya Pili vilipoikata Japani na wateja wa Magharibi, Kenya ikajikuta ndiyo duka lao kubwa. Katika miaka ya 1950 Waafrika wakaruhusiwa kuilima, na nyanda za juu za Kisii zikaipokea kwa mikono miwili. Zao hilo lilifaa shamba dogo lenye watu wengi: halikuhitaji mashine, mvua na baridi ya mlimani vililifaa, na maua yaliyofunguka vizuri yalichumwa kwa vidole kila baada ya majuma mawili hivi, mara nyingi na wanawake na watoto. Kufikia miaka ya 1970 na 1980 Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotoa pareto nyingi kabisa nchini, na Kenya ndiyo iliyolisha sehemu kubwa ya soko la dunia.

Angalia jinsi mnyororo ule ulivyopangwa. Mkulima alichuma, akaanika, akakausha, akapeleka gunia kwenye chama cha ushirika; chama kikapeleka Nakuru, kwenye kiwanda cha Bodi ya Pareto; Nakuru maua yakapimwa maabara kujua kiwango cha dawa ya wadudu kilichomo, na malipo yakategemea kipimo hicho. Bodi ilikuwa mnunuzi wa pekee na muuzaji wa pekee. Kwa karatasi ulifanana na mfumo wa KTDA: mamlaka moja, wakulima wengi, ubora unaopimwa. Tofauti ilikuwa kwamba kazi ya kuliokoa ua lisioze alikuwa ameshaifanya mkulima mwenyewe, uani kwake, bila malipo. Gunia lilipofika Nakuru halikuwa na haraka tena, na Bodi pia haikuwa na kitu cha kuiharakisha. Kiwanda cha chai kisichomlipa mkulima hukosa majani kesho yake na mashine husimama. Kiwanda cha pareto kisicholipa kinaweza kuendelea kusaga maua ya msimu uliopita.

Upande wa pili wa dunia, wanunuzi nao walikuwa na hesabu zao. Dawa ya pareto huvunjika haraka kwenye mwanga wa jua, jambo linaloifanya iwe salama nyumbani lakini isifae sana shambani. Mwaka 1973 wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitangaza permethrini, dawa ya kutengenezwa inayofanana nayo ambayo jua haliiharibu upesi. Tangu hapo mwenye kiwanda cha dawa za wadudu alikuwa na njia ya kuiacha pareto. Waliobaki nayo walitaka kitu kimoja kwa muuzaji wao: uhakika wa kiasi. Kampuni kama S.C. Johnson ya Wisconsin, watengenezaji wa Raid, iliyonunua pareto ya Kenya kwa miongo, haiwezi kubadilisha mchanganyiko wa kopo lake kila mara mvua inapopungua Molo au chama kinapogombana Kisii.

Uhakika huo ndio uliokosekana. Mwaka 1992 Kenya ilivuna karibu tani 18,000 za maua makavu, kuliko soko lilivyoweza kumeza. Akiba ikarundikana, fedha zikafungika ndani yake, na malipo yakaanza kuchelewa, kwanza kwa miezi, halafu kwa misimu. Kila bodi duniani hupatwa na ziada. Kilichoiua hii ni kwamba mzigo wa ziada ulishushwa wote kwa mkulima. Naye hakuandamana sana, wala hakwenda mahakamani. Aling'oa tu. Palipokuwa na pareto pakapandwa mahindi, matete ya ng'ombe, migomba na, kwa waliokuwa karibu na kituo, chai. Mahitaji ya dunia yaliporudi, maua hayakuwepo. Bodi ilibaki na mitambo mikubwa Nakuru na madeni kwa watu ambao hawakuwa tena wakulima wake.

Pengo hilo lilizibwa na Tasmania. Kisiwa hicho cha Australia kilikuwa kimeanza kuilima pareto kibiashara katika miaka ya 1980, na kampuni ya Botanical Resources Australia ilianzishwa mwaka 1996. Mfumo wao ulikuwa kinyume cha wetu kwa kila kitu. Mbegu hupandwa kwa mashine, aina zilizochaguliwa huchanua karibu kwa wakati mmoja, hukatwa na kulazwa shambani zikauke, kisha mashine hupita mara moja kuvuna. Wakulima ni wachache, wana mikataba, na kampuni inayonunua ndiyo inayokamua. Katika miaka ya 2000 Kenya ilipitwa. S.C. Johnson nayo, mwaka 2009, ilianza mradi na shirika la misaada la Marekani wa kuinua wakulima wa pareto wa Rwanda, ili isitegemee chimbuko moja.

Ni rahisi kusema mashine iliushinda mkono. Sikubaliani kabisa na usemi huo. Mkono wa Gusii ulichuma ua lililokomaa peke yake, ukaacha lisilokomaa kwa zamu ijayo, jambo ambalo mashine haiwezi. Tena haukuhitaji mkopo wa trekta. Mnyororo wa wakulima wadogo una nguvu zake, ila una sharti moja: aliyemo hana akiba, kwa hiyo hawezi kuwa ndiye benki ya waliomzidi. Mkulima wa Tasmania akicheleweshewa malipo ana wakili na mkataba. Wa Nyamira alikuwa na jembe, akalitumia.

Sheria ya mwaka 2013 iliondoa ukiritimba wa Bodi, na kampuni binafsi zikaanza kugawa miche na kusaini mikataba na wakulima katika kaunti za nyanda za juu. Safari hii mazungumzo ya kwanza kijijini hayakuwa kuhusu bei. Wazee waliuliza: mnalipa baada ya siku ngapi?

Turudi kwenye chai. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969, na mnada wa London ulipofungwa Juni 1998 Mombasa ikawa moja ya masoko makubwa kabisa ya chai nyeusi duniani. Chai ya Kebirigo husafiri karibu kilomita 800 hadi ghala za pwani. Huko sampuli huonjwa na madalali, huandikwa kwenye orodha, hupigwa mnada, na wanunuzi, Pakistani wakiwa mbele, huipakia melini. Juma baada ya juma chai inangoja, na hakuna anayeumia isipokuwa aliyeilima.

Maana mkulima hulipwa kwa vipande viwili. Kila mwezi hupata kiasi fulani kwa kilo, na Oktoba, baada ya hesabu za mwaka unaoisha Juni kufungwa, hupata bonasi. Majani aliyochuma mwanzoni mwa Julai hulipwa kikamilifu Oktoba ya mwaka unaofuata, yaani baada ya miezi 15. Karo ya shule haina miezi 15. Bonasi inaweza kujenga nyumba na kununua ng'ombe, na familia nyingi za Gusii ziliinuliwa nayo. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyohiyo, kwamba ni akiba ambayo hakuna jamaa anayeweza kuikopa mapema. Lakini ni akiba ambayo mwenyewe hakuulizwa.

Mwaka 2000 mamlaka ya serikali ikageuzwa kuwa kampuni, KTDA ileile kwa herufi, inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Mlango wa ushindani ulikuwa wazi sasa. Viwanda binafsi viliongezeka kuelekea mpaka wa Bomet na Kericho, vikachagua mpango mwingine kabisa wa ugavi: havikuwa na vitalu, maafisa wa ugani wala vituo vingi. Vilikuwa na malori, mabroka na pesa taslimu. Hilo ndilo soko huru. Broka hupita barabarani, hununua bila kuchagua sana, na hulipa leo au mwisho wa juma. Mwisho wa mwaka bonasi yake ni ndogo au haipo.

Viongozi wa KTDA wamelia na soko huru kwa miaka mingi, na wana hoja: broka huvuna pale ambapo mwingine aligharamia miche na mbolea, na majani ya kuokoteza hushusha ubora wa jina la eneo zima. Sheria ya Chai ya 2020 inamtaka mkulima ajisajili na kiwanda anachokipelekea majani. Lakini doria na faini hazijalimaliza soko huru. Kwa jinsi ninavyoiona, broka hauzi bei nzuri. Anauza muda. Mama aliye na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo anampa kilo kumi, kisha kesho yake anapeleka nyingine kituoni. Huyo hajahama mfumo. Anatumia mifumo yote miwili, kama vile kampuni kubwa ya Marekani ilivyotaka Rwanda pamoja na Kenya.

Ndizi za Kisii, kwa upande wake, hazina historia ya namna hii, na sijui kama ni baraka au hasara. Hakuna bodi, kiwanda kikubwa wala kitabu. Mikungu hupakiwa kwenye malori Keroka na Daraja Mbili, Nairobi huila kesho kutwa, na mkulima hurudi nyumbani na pesa, hata ikiwa ni nusu ya alichostahili. Ndizi huoza upesi kama jani la chai, lakini kwa kuwa mnunuzi ni mlaji wa karibu, hakuna aliyehitaji kujenga kitu cha kulikimbiza zao. Basi tuwaache wenye ndizi na amani yao.

Kuna pia suala la bei ambalo watu wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelisemea sana. Chai ya mashariki, Kirinyaga, Nyeri, Murang'a, huuzwa juu kuliko ya Gusii kwenye mnada uleule, na bonasi hutofautiana ipasavyo. Julai 2021 KTDA iliweka bei ya chini ya mnada, dola 2.43 kwa kilo. Kwa chai iliyokuwa ikiuzwa juu ya hapo hakukuwa na shida. Kwa chai nyingi za magharibi, wanunuzi walizipita wakingoja. Kilo zikarundikana kwenye ghala za Mombasa, zikazeeka, na mwaka 2024 kizuizi hicho kikaondolewa. Kiwanda kilichokuwa na chai isiyouzwa bado kilitakiwa kumlipa mkulima kila mwezi, kununua kuni na kulipa umeme.

Hapo ndipo nia njema ilipokutana na hesabu. Sheria ya 2020, iliyopita katika mvutano mrefu wa kesi mahakamani, ilitaka fedha za mnada zifike kiwandani haraka na sehemu kubwa zaidi imfikie mkulima mwezi kwa mwezi. Malipo ya mwezi yakapandishwa, na mfumo ukajaribu kumpunguzia mchumaji miezi ya kungoja. Ila chai yenyewe ilikuwa bado imelala Mombasa. Viwanda vikakopa benki ili kulipa. Shilingi nayo, iliyokuwa imefika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, ikaimarika hadi karibu 129, na kila dola ya chai ikaleta nyumbani shilingi chache kuliko zilizotarajiwa.

Bonasi ya Oktoba 2025 ilishuka katika viwanda vingi vya magharibi, na wakulima wa Kisii na Nyamira walitaka kuonyeshwa hesabu. Mikutanoni kulikuwa na maswali kuhusu gharama za uendeshaji, kuhusu wakurugenzi, na kuhusu mikopo. Kiwanda ni mali ya wakulima, hivyo riba ya mkopo uliochukuliwa ili wasingoje ilikatwa kutoka kwenye fedha zao wenyewe, na sehemu ya malipo waliyopata mapema wakawa wamejikopesha. Wakati mikutano hiyo ikifanyika, malori yalikuwa yakiendelea kupita vituoni kila siku kuchukua majani ya mwaka mpya wa hesabu, ulioanza tangu Julai.